Jinsi ya kuandika historia ya klabu ya mihadhara ya mji

Mtu anayepewa kazi ya kuandika historia ya klabu inayoalika wazungumzaji kuhusu masuala ya umma, mara nyingi huanza na orodha ya wageni mashuhuri. Orodha hiyo iwekwe kando kwanza, kwa kuwa mgeni alikaa saa moja akaenda zake, ilhali klabu ilibaki mikononi mwa katibu aliyeandika barua za mialiko, mweka hazina aliyefuatilia ada, na wanachama waliorudi kila mara kuwasikiliza hata watu wasiokubaliana nao.

Anza na mihtasari ya vikao vya kamati, uisome yote kwa mfuatano wa tarehe hata pale inapochosha, na uandike pembeni kila jina la mzungumzaji lililopendekezwa kisha lisionekane tena. Majina hayo yaliyopotea njiani hukuonyesha klabu iliogopa nini, jambo ambalo hotuba za sherehe za kuadhimisha miaka hamsini hazitakuambia kamwe. Baada ya hapo fungua daftari la mweka hazina. Ukikuta mwaka ambao wanachama waliondoka kwa mkupuo, tafuta sababu katika magazeti ya mji ya miezi hiyohiyo.

Swali litakalokusumbua zaidi, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, ni nani aliruhusiwa kuketi ukumbini. Commonwealth Club of California ilianzishwa San Francisco mwaka 1903 na Edward F. Adams, mwandishi wa tahariri za gazeti, ili wananchi wachunguze mambo ya umma bila upendeleo. Tarehe 23 Septemba 1932, Franklin D. Roosevelt, akiwa bado mgombea urais wa Marekani, alitoa mbele ya klabu hiyo hotuba inayosomwa hadi leo kuhusu wajibu wa serikali katika uchumi. Hata hivyo, wanawake hawakukubaliwa uanachama hadi mwaka 1971. Mwandishi anayeeleza hotuba ya 1932 kwa kurasa kumi na uamuzi wa 1971 kwa sentensi moja ameandika historia ya jukwaa, hajaandika ya klabu.

Kwa sababu hiyo, usiishie katika nyaraka za klabu yenyewe. City Club of Cleveland, iliyoundwa mwaka 1912, nayo haikuwapokea wanawake hadi mwaka 1972, lakini wanawake wa mji huo walikuwa wamekwisha kuanzisha klabu yao mwaka 1916. Waliofungiwa mlango hapa huenda waliacha makabrasha yao nyumba ya pili, na aghalabu huwa yamepangwa vizuri zaidi.

Usiiamini ratiba iliyochapishwa. Ratiba hueleza kilichokusudiwa tu, kwa hiyo kila mhadhara ulinganishwe na gazeti la kesho yake. Robert F. Kennedy alipofika katika klabu ya Cleveland tarehe 5 Aprili 1968, alikuwa katikati ya kampeni za urais, lakini Martin Luther King Jr. alikuwa ameuawa jioni iliyotangulia, na Kennedy akatumia dakika chache kuzungumzia ukatili unaoitafuna nchi. Tangazo lililopigwa chapa kabla ya siku hiyo lisingeweza kukuambia hayo.

Kama kuna kanda zilizonaswa, sikiliza hasa sehemu ya maswali baada ya hotuba. Andika swali kama lilivyoulizwa, pamoja na kusita kwake, na kama ukumbi ulicheka au ulinyamaza, kwa sababu hapo ndipo mji wenyewe unaposema. Ukiwahoji wanachama wazee, wape picha ya zamani washike mkononi badala ya kuwauliza "unakumbuka nini?", mzee atakuonyesha kwa kidole aliyesimama nyuma ya mgeni, na huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Unapopanga sura, usizigawe kwa vipindi vya wenyeviti, ingawa kamati itapenda iwe hivyo. Zigawe pale klabu ilipobadilika: ilipohamia ukumbi mwingine, mihadhara ilipoanza kurushwa redioni, uanachama ulipofunguliwa. Majina ya wenyeviti yanatosha kuwekwa kwenye jedwali mwishoni mwa kitabu, na picha zote ziandikwe majina kwa penseli nyuma kabla hazijarudishwa kabatini.