Kikaango cha Chuma kwa Mtu wa Kigoma Aliye Ughaibuni

Aliyetoka Kigoma na sufuria zake za alumini hugundua mapema kwamba jiko la induksheni, lile linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, halizitambui: jiko hulia, hujizima, na maji ya ugali hubaki baridi. Kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakina shida hiyo, na kwenye gesi, oveni au makaa kinafaa vilevile. Kinunue huko huko uliko. Chenye kipenyo cha sentimita 30 huzidi kilo 3, na kilo za begi ni heri uzitunzie dagaa na mawese.

Kichukulie kama chungu kipya cha udongo, ambacho hakipikiwi hivi hivi kabla hakijakomazwa. Vingi siku hizi huuzwa vikiwa vimeshapakwa mafuta kiwandani, lakini utando huo ni mwembamba, nami hushauri uongezewe. Kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta ndani, nje na kwenye mpini, kisha uyafute hadi kidole kikipita kisiteleze. Kifudikize kwenye oveni yenye joto la nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja, halafu ukiache kipoe humo humo. Joto hilo hugeuza mafuta kuwa utando mgumu unaoshikana na chuma, na ndio unaozuia kutu na kufanya chakula kisigande.

Mara ya kwanza nilitumia mawese, kwa kuwa chupa ilikuwa mbele yangu, nikayapaka kwa ukarimu wote wa Ujiji. Kikaango kilitoka na madoa yanayonata kama ulimbo, na king'ora cha moshi kiliwatoa nje majirani wa ghorofa nzima. Makosa yalikuwa mawili: wingi wa mafuta na aina yake. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda kwenye baridi, ambayo hayakauki kuwa utando. Ya alizeti hukauka vizuri zaidi. Mawese yabaki ya kupikia.

Kwa migebuka, pasha kikaango kwa moto mdogo kama dakika tano, kwani chuma hiki huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Wafute samaki wakauke, waweke kwenye mafuta ya moto, kisha usiwaguse. Ngozi ikishaiva huachia yenyewe, na anayewageuza kwa pupa huiacha ngozi kwenye chuma. Dagaa wakavu nao hukaangika humo bila mafuta, kwa joto lililotulia ambalo sufuria nyembamba haina. Mchuzi wa nyanya na ndimu usiuchemshe humo kwa muda mrefu wala usiulaze, maana uchachu hula utando na kukipa chakula ladha ya chuma. Madini kidogo ya chuma huingia kwenye chakula, jambo lisilo na madhara kwa watu wengi, ila mwenye ugonjwa wa kuzidiwa na madini hayo amwulize daktari wake kwanza.

Mazoea ya kuachana nayo ni kuloweka chombo usiku kucha ili ukoko utoke. Kikaango hiki kikilala na maji huamka na kutu. Kioshe kingali na uvuguvugu kwa maji ya moto na brashi. Sabuni kidogo haikidhuru, lakini mashine ya kuoshea vyombo hukiharibu. Palipogandia, sugua kwa chumvi ya mawe, na aliyebeba ya Uvinza anayo tayari. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, maana chuma hiki ni kigumu lakini hupasuka. Kikaushe jikoni, kipake tone la mafuta, na kwenye jiko la kioo kinyanyue badala ya kukiburuta. Kutu ikitokea, isugue kwa dodoki la waya na ukikomaze upya. Harufu ya samaki ikigoma kutoka, pasha kikaango kikavu chenye chumvi hadi kianze kutoa moshi kidogo, madirisha yakiwa wazi.