Kuchagua mahali pa kutazama Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kikipita juu ya Uganda

Jirani yangu hapa Tororo alinijia jioni moja pamoja na binti yake wa darasa la sita, akaniuliza, "Mwalimu, roketi zinarushwa wapi, nimpeleke mtoto akaone?" Nilimweleza kwamba Uganda haina mahali pa kurushia roketi. Mahali pa karibu palipowahi kufanya kazi hiyo ni jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, lakini roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Hata setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilipelekwa na roketi ya Antares kutoka Wallops, Marekani, tarehe 7 Novemba 2022, ikafikishwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chombo kikubwa wanamoishi wanaanga kikiizunguka Dunia, na kuachiwa kutoka humo tarehe 2 Desemba. Setilaiti hiyo, iliyokuwa na upana wa sentimita 10 tu, haikuweza kuonekana kwa macho. Kituo chenyewe kinaonekana, tena vizuri sana, na mtoto anaweza kukiona bila kusafiri. Haya ndiyo niliyowaelekeza.

Hatua ya 1: Pata ratiba

Fungua kwenye simu tovuti ya Heavens-Above, inayotoa ratiba ya saa ambazo kituo kitaonekana kutoka mahali ulipo. Ninaipendelea kuliko programu za kutuma taarifa, kwa sababu inakuonyesha ramani ya anga pamoja na njia nzima ya kituo, nawe unaweza kuinakili njia hiyo kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Jaza mahali ulipo

Hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa hatua hii ilinigharimu jioni tatu nzima uwanjani pamoja na wanafunzi waliokuwa wameacha kazi za nyumbani ili waje kutazama. Tovuti za aina hii, kabla hujajaza chochote, huweza kuanza na latitudo 0 na longitudo 0. Mtu wa Ulaya angeshtuka mara moja, lakini mimi niliyezaliwa karibu na ikweta niliiona latitudo 0 nikaridhika, bila kuangalia namba ya pili. Nukta hiyo iko baharini, katika Ghuba ya Guinea, karibu kilomita 3,800 kutoka Tororo, ilhali kituo kinachoruka takriban kilomita 400 juu ya ardhi hakionekani na mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 2,200 hivi kutoka chini yake. Nilikuwa nikisoma ratiba ya mabaharia.

Kwa hiyo jaza namba zote mbili. Tororo ni 0.69 na 34.18, Kampala ni 0.31 na 32.58, Gulu ni 2.77 na 32.30. Walio kusini mwa ikweta, kama watu wa Mbarara, wanatakiwa kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo, yaani -0.61 na 30.66, wakiisahau wanahamishwa zaidi ya kilomita 130 kwenda kaskazini, na urefu wa kituo angani unabadilika kabisa.

Kisha kagua saa. Kama ukurasa unatumia saa za dunia za UTC, ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu: 16:12 ya UTC ni 19:12 ya hapa, nayo ndiyo saa 1:12 usiku. Niliandika saa zote tatu kwa mstari mmoja ukutani, na tangu hapo sijakosea.

Ipo njia ya kujihakikishia. Kituo hakina taa inayotufikia. Tunakiona kwa sababu jua bado linakimulika kule juu wakati huku chini giza limeshaingia. Tororo jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na saa moja na dakika ishirini hivi baada ya hapo kivuli cha Dunia huwa kimeshakifikia kituo kikiwa utosini petu. Ratiba ikikwambia kwamba kituo kitaonekana Uganda saa 5 usiku, usitoke nje. Rudi ukague mahali ulipojaza.

Hatua ya 3: Chagua siku

Chagua siku ambayo kituo kinapanda kupita nyuzi 40 juu ya upeo wa macho. Ung'avu wake huandikwa kwa namba ambayo kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo kituo kinavyong'aa zaidi. Kuna siku kadhaa mfululizo zenye nafasi nzuri, kisha wiki kadhaa zinapita bila nafasi yoyote ya jioni, hivyo usikate tamaa. Desemba hadi Februari mawingu hupungua.

Hatua ya 4: Tafuta mahali penye magharibi wazi

Watu wengi hudhani wanahitaji kilima kirefu na giza nene. Nimeombwa mara nyingi niwapandishe watu kwenye Mwamba wa Tororo, nami hukataa, kwa sababu kushuka zile ngazi za chuma usiku ni hatari, na faida yake ni nyuzi chache tu. Giza nalo si sharti, maana kituo hung'aa kuliko nyota zote. Yatosha taa isikupige machoni.

Kinachohitajika ni magharibi wazi. Kwetu kituo hutokea kusini-magharibi kikaelekea kaskazini-mashariki, au hutokea kaskazini-magharibi kikaelekea kusini-mashariki. Jioni huanza magharibi kikiwa kimemulikwa, kisha mara nyingi huzimika upande wa mashariki kinapoingia kivulini, kwa hiyo miti iliyo mashariki haikudhuru sana. Kwa anayetazama alfajiri mambo hugeuka, naye atafute mashariki wazi.

Nenda mahali hapo mchana. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke juu ya upeo wa macho: ngumi moja ni takriban nyuzi 10, na ya mtoto vilevile, kwa kuwa mkono wake ni mfupi kwa kiasi hichohicho. Tulipokuwa uwanja wa shule, binti yule alifumba jicho moja akapandisha ngumi juu ya ngumi mbele ya safu ya mikaratusi, akahesabu mbili na nusu. Tulihama hatua kama mia moja kuelekea mashariki, hadi miti ikabaki chini ya ngumi moja. Usiiamini dira ya simu ukiwa karibu na mabati au nguzo za goli. Tazama jua linapozama, ukikumbuka kwamba Juni huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini, kiasi cha ngumi mbili na kitu.

Mkiwa wengi, mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mlinzi mapema.

Hatua ya 5: Jioni yenyewe

Fika dakika kumi kabla, uzime simu. Tafuta nukta nyeupe isiyometameta wala kuwakawaka kama taa za ndege, inayokwenda kwa mwendo uleule bila sauti. Utakuwa nayo kwa dakika nne hadi sita. Inapokaribia kivuli usiiondolee macho, kwa sababu hugeuka nyekundu kidogo, ikafifia, na kutoweka katikati ya anga lisilo na wingu, na hapo ndipo binti wa jirani yangu alipoushika mkono wa mama yake.