Somo: Kufundisha watoto skeiti za barafu kundi moja, kila mtoto na levo yake

Haya, nimeulizwa sana inbox acha niandike mara moja. Mimi ni Mkenya niko Edmonton, Kanada, msimu wa nne saa hii nasaidia kufundisha watoto Jumamosi asubuhi. Barafu nilianza kuikanyaga pale uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi, nikiwa mtu mzima tayari, nimeng'ang'ania ukuta kama mjusi, so kuanguka nakujua.

1. Anza na viatu. Nusu ya wale tunasema "hawajui" ni viatu vimelegea tu. Soksi moja nyembamba, mtoto apige kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa, halafu kamba: vidoleni usikaze sana, pale mguu unapokunjika kaza mpaka aseme uuwi, juu legeza kidogo. Kuna katoto ka miaka sita tulikaweka na wanaoanza wiki tatu nzima, vifundo vimelala kwa ndani, siku moja nikakavua kiatu nikakuta soksi mbili nzito na viatu vya dadake. Tukabadilisha. Siku hiyo hiyo kakateleza na mguu mmoja, na mimi nikaona aibu, maana si ningeangalia wiki ya kwanza.

2. Wapime kwa dakika tatu. Usiulize wazazi, kila mzazi mtoto wake ni fundi. Waambie wavuke mpaka ukuta wa pili vile kila mmoja anajua, wewe angalia miguu. Utapata wanaotembea, wanaoteleza kwa miguu miwili, na wanaosukuma kulia kushoto vizuri. Hizo levo tatu weka kichwani mwako, usiwatangazie.

3. Kuanguka ni kwa wote, hata mafundi. Kunja magoti, anguka kwa ubavu, ngumi zifungwe (vidole vilivyotandazwa ndio hukanyagwa na chuma cha mwenzako). Kuinuka: piga magoti, mguu mmoja mbele, mikono yote miwili juu ya hilo goti, sukuma. Helmeti ni lazima, kwenye CanSkate, programu ya kufundisha wanaoanza skeiti hapa Kanada, mtoto haivui mpaka amalize hatua ya 5 kati ya zile 6.

4. Zoezi moja, milango mitatu. Hapa ndio siri yote. Usiwagawe kila kundi na kona yake, wadogo watajiona wajinga na wakubwa watachoka na wewe. Mfano mimi nachora samaki kwenye barafu kwa maka: vidole nje, miguu ifunguke, vidole ndani, miguu ikutane. Anayetembea afanye samaki mmoja, wa katikati afanye sita bila kusimama, fundi aende kinyumenyume. Kusimama (yaani kupiga breki) pia hivyo hivyo: mmoja anashika ukuta anakwangua mpaka atoe kirundo cha theluji, mwingine anasimama kwenye mstari, mwingine anapiga breki kwa mguu mmoja. Wote wanazunguka njia moja, wa mbio wapite ndani.

5. Hakuna foleni. Mtoto akisimama tu anashikwa na baridi, halafu anaanza kulala chini kula barafu, mnawajua. Dakika tano za mwisho tunacheza tapo (ule wa kukimbizana na kugusana), ila mafundi wanaruhusiwa kwenda kinyumenyume tu, hapo wote wanatoshana.

MASWALI

Mama Neema: Wangu haachi ukuta, analia, nimlazimishe?
— Usimvute, mama. Hata kumbeba kwapani usimbebe, hatawahi kujua uzito wake uko wapi. Chuchumaa hatua mbili kutoka ukutani na kitu anachokipenda, kesho yake hatua tatu. Mmoja wangu alitoka ukutani kwa ajili ya koni ya rangi ya chungwa, basi.

Bi Shufaa, Dubai: Binti yangu anavaa ushungi, helmeti inakaa juu juu.
— Mvalishe ule wa kuvuta wa kitambaa chembamba, bila pini hata moja, ncha ziingie ndani ya koti. Halafu kaza helmeti upya ukiwa umeshamvalisha, usiikaze nyumbani.

Kocha wa Langata: Wangu wote wametoka kwa rollerblades (skeiti za magurudumu), wana speed ya ajabu lakini kusimama hawajui, wanaanguka na mgongo.
— Wanatafuta breki ya kisigino bro, haiko! Mwili umezoea kuegemea nyuma. Waweke kwa levo ya wanaotembea kwenye zoezi la kusimama tu, mengine yote waachie levo yao. Mikono kwenye magoti, wakwangue theluji ukutani, mguu mmoja kwanza. Watanuna siku ya kwanza. Na usiwaachie uwanja wote mpaka kila mmoja asimame kwenye mstari mara tano mfululizo.

Kocha wa Langata: Na yule anakataa kabisa kukwangua, anasema hiyo ni ya watoto?
— Mpe kazi ya kumwonyesha mdogo kuliko wote vile inafanywa.