Cherehani nayo ni huduma

Wapendwa, kama wewe ni fundi cherehani na unajiona huna huduma kanisani kisa huimbi kwaya wala huhubiri, hebu soma Matendo 9 umwone Dorkasi wa Yafa, alipokufa wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, walisimama wanalia nazo mkononi. Mi nachofanya, wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa natenga Jumamosi moja, natangaza waniletee yunifomu tu, zipu zilizokufa, magoti yaliyotoboka, sketi za kushusha pindo. Ila weka kikomo mapema, mfano nguo 20, na majina andika kwenye daftari, maana cha bure kina foleni jamani, mwishowe kazi za wateja walioacha advansi zinalala.