Somo: Injini ya Prado inayozimika leo na kupona kesho

Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitibu kuliko lile linalozimika mara moja kwa wiki, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Mwenye gari la namna hiyo hulipeleka gereji likiwa zima, fundi hulizungusha mtaa mzima bila kuona kitu, na kwa kuwa anaona aibu kumrudisha mteja mikono mitupu, hubadilisha kifaa anachokishuku. Mimi mwenyewe nililipia nozeli nne na pampu ya mtumba kabla ya kugundua kwamba adui yangu alikuwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kisa hicho nitakieleza mahali pake.

Somo hili linahusu hasa Toyota Prado ya umbo la 120, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, yenye injini ya mazutu (dizeli) ya lita 3.0 aina ya 1KD-FTV. Hapa Lubumbashi magari haya ni mengi, na mengi yametoka Japani kupitia Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia na historia ambayo hakuna anayeijua. Wenye magari ya esanzi (petroli) nao watafaidika, kwa sababu njia ya kutafuta ni ileile ingawa vifaa vinatofautiana.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya spana

Hitilafu inayokuja na kuondoka ina masharti yake, na kazi yako ya kwanza ni kuyajua masharti hayo. Weka daftari dogo ndani ya gari, na kila injini inapozimika au kukosa nguvu, egesha pembeni kwa usalama, kisha andika: umeendesha dakika ngapi tangu kuwasha, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani na uliyanunua wapi, ulikuwa unapanda mlima au umeingia shimo, ni taa zipi ziliwaka kwenye dashibodi, na ilichukua muda gani hadi injini ikakubali kuwaka tena. Andika hata hali ya hewa, maana asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, joto la mwezi wa kumi na mvua za kwanza za Novemba havileti maradhi yaleyale.

Baada ya matukio manne au matano, daftari huanza kusema. Injini inayozimika ikiwa ya moto na kuwaka ikishapoa huelekeza macho kwenye sensa inayoharibiwa na joto, hasa ile ya krankishafti, inayoiambia kompyuta jinsi shafti kuu ya injini inavyozunguka. Inayozimika tangi likiwa chini ya robo, kwenye kona au mteremko, ina shida ya kunyonya mafuta. Inayosumbua baada ya kuoshwa au kunyeshewa ina maji ndani ya kiunganishi cha umeme, na inayokatika kwenye mashimo ina waya uliolegea.

Jambo moja ambalo madereva wengi hawaliangalii ni sindano ya mizunguko ya injini. Ikiwa gari lako ni la gia za mkono, magurudumu huendelea kuizungusha injini hata baada ya moto kukatika, mradi hujakanyaga klachi. Katika sekunde hizo chache tazama sindano: ikianguka hadi sifuri ghafla huku gari bado linakwenda, kompyuta imepoteza ishara ya krankishafti au umeme wote wa injini umekatika; ikishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, ishara ipo, na kilichokosekana yaelekea ni mafuta. Hata kwa gari la gia za otomatiki unaweza kuitazama wakati wa kupiga stata, kwani ikiganda kwenye sifuri ilhali injini inazunguka vizuri, shuku sensa hiyo au nyaya zake.

Hatua ya pili: umeme na nyaya za masi

Usivuke hatua hii kwa sababu tu taa zinawaka. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma takriban volti 12.6, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10 au karibu na hapo, na injini ikiwa inanguruma, altaneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Kama gari lina betri mbili, zitenganishe na uzipime moja moja.

Kisha weka mkono mmoja wa mita ya volti kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma tupu cha injini, na mwenzako apige stata. Mita isizidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Ikizidi, waya wa masi (unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha injini) umeoza au umelegea, na kompyuta inaweza kuchanganyikiwa kila stata au feni inapovuta umeme mwingi. Fungua waya, sugua sehemu zinazokutana mpaka zing'ae, kaza tena. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja.

Hapohapo ulizia kama gari liliwekewa kengele ya wizi au swichi ya siri na mwenye gari wa zamani. Nimeona kazi za namna hiyo zilizofungwa kwa utepe wa plastiki chini ya usukani, waya umesokotwa kwa vidole tu, nao ndio unaobeba uhai wa injini nzima.

Hatua ya tatu: mafuta, kuanzia tangini

Injini hii hutumia reli ya mafuta, yaani bomba nene linalozigawia nozeli zote mafuta, yenye shinikizo linaloweza kupita bar 1,000. Usilegeze kamwe bomba la upande wa shinikizo kubwa injini ikiwa inafanya kazi: mchirizi wake mwembamba hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Vipimo vyetu vyote vitakuwa upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu.

Anza kwa kufungua kizibo cha chini cha filta na kukinga mafuta kwenye chupa inayoonyesha ndani. Iache chupa itulie usiku mzima. Maji hukaa chini, mazutu juu, na mstari kati yao huonekana wazi. Uchafu mweusi au mwekundu nao utauona. Mafuta yaliyopita kwenye bidoni tatu kabla ya kufika kwako yasikushangaze yakiwa na vyote viwili.

Sasa kisa changu. Gari lilikuwa likizimika kwenye barabara ya Likasi, kila mara baada ya dakika kama 40 za mwendo mzuri, na baada ya kupumzika dakika 10 likawaka. Ndani ya mji halikusumbua hata siku moja. Gereji ya kwanza ilisema nozeli, ya pili ikasema pampu, nami nikalipa kotekote. Fundi mzee mmoja wa Katuba ndiye aliyekataa kufungua chochote. Alisema tupande gari twende mpaka lizimike. Lilipozimika alifungua kapo, na kabla ya kugusa waya wowote alibonyeza kwa kiganja kitufe cha pampu ya mkono kilichoko juu ya filta. Kitufe kikashuka, kikabaki chini. Alisimama akikitazama tu. Baada ya dakika kadhaa kikaanza kupanda taratibu, kama mtu anayevuta pumzi, na kilipofika juu akaniambia niwashe. Likawaka.

«Gari hili linakabwa koo,» alisema.

Kitufe kinachobaki chini kinaonyesha kwamba pampu inavuta na mafuta hayaji, yaani njia imezibwa kabla ya filta. Tulipofika kwake alichomoa bomba linalotoka tangini, akaunganisha bomba jingine kwenye bidoni safi yenye mazutu yaliyochujwa, akatoa hewa, kisha akaiacha injini kwenye mizunguko 2,500 kwa muda wa nusu saa huku akikibonyeza kitufe mara kwa mara. Kila mara kilirudi juu. (Jaribio hili ni la mazutu peke yake, asithubutu mtu kulifanya kwa esanzi.) Tulishusha tangi. Kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea palikuwa na kipande cha plastiki cha ukubwa wa kiganja, cheusi, laini kama ngozi ya samaki. Wauza mafuta wengine huweka plastiki chini ya kifuniko cha bidoni ili isivuje, na kipande kilikatika kikaingia pamoja na mafuta. Mwendo mrefu ulikivuta mpaka kikaziba mdomo. Injini ilipozimika, mvuto uliisha nacho kikaanguka. Mjini sikuwa nikiendesha kwa nguvu na muda wa kutosha kukivuta.

Kama kitufe hakirudi juu, usinunue pampu. Kama kinarudi vizuri lakini ukiweka bomba linaloonyesha ndani unaona mapovu yakipita, kuna mahali hewa inaingia: kwenye kibano cha bomba, kwenye mpira wa filta, au kwenye bomba la chuma lililoliwa na kutu juu ya tangi.

Hatua ya nne: kuisikiliza kompyuta

Unganisha skana, kifaa kinachosoma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya injini, na usifute msimbo wowote kabla ya kuunakili. Pamoja na msimbo, kompyuta nyingi huhifadhi hali ya injini ya wakati ule ule: joto, mwendo, mizunguko, mzigo. Ukurasa huo una thamani kuliko msimbo wenyewe, na fundi anayefuta kila kitu «ili tuone kama kitarudi» anachoma ushahidi wako. P0335 inahusu sensa ya krankishafti au nyaya zake. P0087 inasema shinikizo la reli limekuwa dogo mno. Hakuna hata mmoja unaokutajia kifaa cha kununua. Ile gari yangu ingeweza kutoa P0087 kwa sababu ya plastiki.

Baadaye mwenzako ashike skana wakati wewe unaendesha, na alinganishe shinikizo linaloombwa na kompyuta na lile lililopo. Kwenye mzigo mwepesi namba hizo mbili hutembea pamoja. Zikiachana unapokanyaga mafuta kwenye mpando, umekipata kipindi cha ugonjwa. Usijaribu kuendesha na kusoma peke yako.

Hatua ya tano: kuitesa hitilafu

Injini ikiwa inanguruma bila gia na breki ya mkono imekazwa, tikisa kiunganishi kimoja kimoja na upinde nyaya polepole, ukiepuka feni na mikanda. Sensa unayoshuku kwa joto ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele. Unayoshuku kwa maji inyunyizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Ikiwa injini inazimika mara tatu kwa kugusa mahali palepale, hapo pana neno. Kuhusu hewa sina mengi: vumbi jekundu la nje ya mji hujaza filta upesi, na mpira wa turbo uliopasuka hupunguza nguvu na kuleta moshi mweusi, lakini ni nadra kuzima injini ghafla.

Maswali

Swali kutoka Kampemba: Papa, asante kwa somo. Prado yangu ni ya esanzi, silinda sita, lita 4.0. Asubuhi baada ya mvua inatetemeka na taa ya injini inapepesa, halafu mchana inatulia. Nianzie wapi?

Jibu: Mama, taa inayopepesa maana yake ni kwamba silinda mojawapo hairushi moto ipasavyo, kwa hiyo usilazimishe mwendo, kwani esanzi isiyoungua huharibu kichujio cha moshi. Soma msimbo: P0301 hadi P0306 hutaja namba ya silinda. Injini yako ina koili moja kwa kila silinda. Hamisha ile ya silinda inayotajwa uipeleke kwenye nyingine, kisha subiri asubuhi yenye unyevu. Msimbo ukihama pamoja na koili, umempata mwizi. Ukibaki palepale, tazama plagi, kiunganishi na nozeli ya silinda hiyo.

Swali kutoka Kolwezi: Mwalimu, fundi wangu ameniambia ninunue vali ya kudhibiti unyonyaji iliyo kwenye pampu, eti Prado zote za mazutu zinaumwa hapo. Ni kweli?

Jibu: Ndugu, vali hiyo ni udhaifu unaojulikana wa injini hii, na ikianza kukwama injini hupanda na kushuka ikiwa imesimama, au huzimika unapoachia mafuta. Lakini badilisha filta kwanza, fanya jaribio la kitufe, na uangalie kama shinikizo la reli linayumba hata injini ikinyonya kutoka bidoni safi. Likiyumba hata hapo, fundi wako ana hoja.

Swali kutoka Katuba: Yaya, yangu inapozimika, dashibodi yote inakufa, hata redio. Nikitikisa ufunguo inarudi.

Jibu: Swichi ya ufunguo imechakaa, au ncha ya betri imelegea. Anza na ncha ya betri, kisha punguza lile rundo la funguo linaloning'inia.

Swali kutoka Kipushi: Nataka kununua gari la mtumba wiki hii. Nitajuaje kama muuzaji ameficha hitilafu ya namna hii?

Jibu: Fika bila kumwarifu mapema, na uguse injini kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, amekwisha kuiandaa. Fungua ufunguo bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa. Kwenye magari mengi ya esanzi, skana pia huonyesha kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa vyote bado, misimbo imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Baadhi ya magari ya soko la Japani hayaelewani na skana za bei nafuu, basi usimhukumu mtu kwa hilo peke yake. Omba mwendo wa saa nzima, nje ya mji, tangi likiwa karibu na robo. Akikupa dakika tano kuzunguka mtaa, rudi na pesa zako nyumbani.