Pima Mshtarii mwenyewe ujue kama inaweza kuwa nyota

"Mwalimu, Jua ni haidrojeni na heliamu. Mshtarii nayo ni haidrojeni na heliamu. Mbona moja linawaka na nyingine haiwaki? Itawaka lini?"

Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma, na swali hili hunijia kila mwaka, aghalabu kutoka dawati la nyuma. Ni swali zuri sana. Jibu lake fupi ni kwamba haitawaka kamwe. Lakini jibu fupi halikai kichwani. Linalokaa ni lile ambalo mtu amelitoa mwenyewe kwa macho yake, rula na kikokotoo. Kwa hiyo naeleza hapa njia ninayowapitisha wanafunzi wangu, ili mzazi, mwalimu mwenzangu au kijana yeyote aweze kuifuata akiwa uani kwake.

Jambo la kushika kwanza ni hili: kinachoamua kama mpira wa gesi utakuwa nyota au utabaki sayari ni tungamo lake, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake. Aina ya gesi si hoja. Basi kazi yetu ni kupima tungamo la Mshtarii, kisha kulilinganisha na kiwango ambacho nyota inahitaji.

Tafuta darubini ya macho mawili yenye maandishi 10x50, au ya 7x50 ukikosa hiyo. Ukiweza kuazima darubini ndogo ya miguu mitatu, afadhali zaidi, kwa sababu utaweza kupiga picha kwa simu kupitia kioo chake. Ya mikononi usiishike hewani tu, kwani mikono hutikisika na miezi ya Mshtarii ikageuka michirizi. Mimi naifunga ya shule kwenye mpini wa jembe kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mpini unasimama chini mbele ya kiti cha plastiki, nami naegemea. Ghafla kila kitu kinatulia. Na usiielekeze darubini kwenye Jua hata kidogo. Macho hayana vipuri.

Wakati mzuri ni zile wiki ambazo Dunia inapita katikati ya Jua na Mshtarii. Hurudi kila baada ya siku 399 hivi, na utazijua kwa sababu Mshtarii huchomoza mashariki wakati Jua linazama. Inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku na haimetimeti. Pembeni yake utaona vidoti vinne au pungufu, vimejipanga mstari mmoja. Hivyo ndivyo vidoti ambavyo Galileo Galilei aliviona huko Padua Januari 1610. Vitabu vingi huchora mstari huo ukiwa umelala. Huku kwetu karibu na ikweta, Mshtarii inapochomoza mstari husimama karibu wima, mwezi mmoja juu na mwingine chini, kwa hiyo mwanafunzi asidhani amekosea.

Tunayemtaka ni Callisto, mwezi ulio mbali zaidi kati ya ile minne. Ganymede unang'aa kumzidi, ila Callisto ndiye anayejitenga na wenzake. Kila usiku saa ileile, tuseme saa mbili, chora duara dogo katikati ya mstari wa daftari, weka nukta pale penye kila mwezi, andika tarehe. Usijisumbue kutaja majina siku za mwanzo. Baada ya wiki moja hivi utaona kuna nukta moja ambayo huenda mbali kuliko zote, inasimama kama inasita, kisha inarudi. Huyo ndiye. Hesabu siku kutoka alipokuwa mbali zaidi upande mmoja hadi anaporudi mbali zaidi upande huohuo. Mawingu yakikuharibia, pima kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili, kisha zidisha kwa mbili. Utakaribia siku 16.7.

Sasa umbali. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo napenda kukaa muda mrefu na wanafunzi. Usiku ambao Callisto yuko mbali kabisa, piga picha ya Mshtarii kupitia darubini ya miguu mitatu. Bila kubadilisha kioo wala kuvuta picha kwenye simu, geukia Mwezi wetu, mpige naye. Zichapishe picha zote mbili kwa ukubwa uleule, uchukue rula. Pima upana wa Mwezi mzima, kisha pima kutoka katikati ya Mshtarii hadi Callisto. Ule umbali wa Callisto utakuwa kama theluthi moja ya upana wa Mwezi. Wanafunzi huwa hawaamini, maana kwa macho matupu Mshtarii inaonekana nukta moja tu, kumbe familia yake imetanda angani kiasi hicho.

Mwezi wetu unachukua pembe ya radiani 0.009 hivi (radiani ni kipimo cha pembe: upana wa kitu ukigawa kwa umbali wake). Theluthi yake ni 0.003. Mshtarii ikiwa karibu nasi, umbali wake ni wastani wa kilomita milioni 628. Programu ya bure ya Stellarium itakupa umbali halisi wa usiku wako. Zidisha 0.003 kwa milioni 628, unapata kilomita milioni 1.884. Huo ndio umbali wa Callisto kutoka Mshtarii.

Bado hatua moja ya kikokotoo. Kanuni ya Kepler, jinsi Newton alivyoikamilisha, inasema hivi: chukua umbali wa kitu kinachozunguka, uupandishe kipeo cha tatu, ugawe kwa muda wa mzunguko uliopandishwa kipeo cha pili, nawe utapata kipimo cha tungamo la kile kinachozungukwa. Dunia inalizunguka Jua kwa siku 365.25 ikiwa umbali wa kilomita milioni 149.6. Kwa hiyo gawa umbali wa Callisto kwa ule wa Dunia: 1.884 kwa 149.6 ni 0.01259, na kipeo chake cha tatu ni 0.000001997. Gawa siku zake kwa siku zetu: 16.7 kwa 365.25 ni 0.0457, na kipeo chake cha pili ni 0.00209. Gawa la kwanza kwa la pili. Jibu ni 0.000955, yaani Mshtarii ni sehemu moja tu kati ya 1,047 ya Jua.

Newton mwenyewe aliipima kwa miezi hiyohiyo, akapata moja ya 1,067. Wewe ukipata moja ya 900 au moja ya 1,200, usifute. Nitakuonyesha kwa nini.

Nyota ndogo kabisa inayoweza kuunganisha haidrojeni mfululizo inahitaji tungamo la karibu asilimia 7.5 ya Jua, ambayo ni moja ya 13 hivi. Weka namba hizo mbili ubaoni, 1/13 na 1/1,047. Ungekosea vipimo vyako kwa nusu nzima, bado pengo lingebaki palepale. Ingebidi kukusanya Mshtarii 75 hadi 80 mahali pamoja ndipo mlango ufunguke.

Kwa nini tungamo? Kwa sababu nyota haiwaki kwa moto. Mara nyingi anatokea anayeuliza: si ni gesi, mtu akitupa kiberiti? Gesi ya jikoni huwaka kwa sababu inakutana na oksijeni ya hewani. Mshtarii haina hewa ya namna hiyo, na Jua nalo haliunguzi chochote kwa oksijeni. Ndani ya Jua viini vya haidrojeni vinabanwa hadi vinaungana kuwa heliamu, ilhali kwa asili vinasukumana, maana vyote vina chaji chanya. Kuvishinda kunataka joto la nyuzi milioni kadhaa; katikati ya Jua ni milioni 15. Katikati ya Mshtarii joto linakadiriwa kwa makumi ya maelfu tu. Joto hilo hutokana na gesi kujikandamiza kwa uzito wake, na uzito wa Mshtarii hautoshi.

Hapo mwanafunzi makini atasema: basi ingoje iendelee kujikandamiza. Ni kweli inaendelea kunywea polepole, na ndiyo maana hutoa joto jingi kuliko linaloipata kutoka kwenye Jua. Lakini kuna kizuizi. Elektroni zikibanwa kupita kiasi hugoma kukaribiana zaidi, na mgomo huo hautegemei joto. Kitu chenye tungamo dogo hufika kwenye kizuizi hicho kabla hakijapata joto la kutosha, kisha hupoa milele. Mwanafizikia Shiv Kumar alipiga hesabu hii mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaonyesha kwamba lazima kuwe na vitu vilivyokwama katikati, vikubwa kuliko sayari, vidogo kuliko nyota. Leo tunaviita vibete vya kahawia, na vya kwanza vilithibitishwa mwaka 1995. Kuanzia tungamo la Mshtarii 13 hivi, huweza kuunganisha ditiriamu, ile haidrojeni nzito iliyo adimu, kwa muda tu. Ikiisha, vinafifia.

Usiache ukubwa wa umbo ukudanganye. TRAPPIST-1, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ina upana unaoizidi Mshtarii kidogo tu, lakini tungamo lake linaizidi zaidi ya mara 90. Mwaka 2017 ilitangazwa nyota EBLM J0555-57Ab, ambayo upana wake ni kama wa Zohali, na bado ni nyota halali, kwa kuwa ina tungamo la Mshtarii 85 hivi.

Hoja za "vipi kama" zijibu kwa namba uliyoipata. Tuseme tuitupie Mshtarii sayari nyingine zote saba. Yenyewe ni Dunia 318, na hizo saba kwa jumla hazifiki Dunia 130. Ingefika Mshtarii 1.4. Vipande vya kimondo mkia Shoemaker-Levy 9 viliigonga Julai 1994, vikaacha madoa meusi makubwa kuliko Dunia, nayo ikaendelea na shughuli zake. Chombo cha anga kilichoitwa Galileo kilipotumbukizwa humo Septemba 2003, wapo waliodai kwamba plutoniamu yake, yaani fueli yake ya nyuklia, ingeiwasha. Hata ungelipuka mlipuko wa kweli, joto lingetawanyika na kuisha, kwa sababu hakuna uzito wa kuvishikilia viini pamoja ili viendelee kuungana.

Njia hii ya kutazama kitu kimoja kikizunguka kingine bado inatumika kwenye utafiti mkubwa. Gliese 229B, kimojawapo cha vile vibete vya 1995, kilipimwa kikaonekana kuwa na tungamo la Mshtarii 71 hivi, lakini kilikuwa hafifu mno kwa uzito huo. Mwaka 2024 ikagundulika kwamba ni viwili, kimoja cha Mshtarii 38 na kingine 34, vinazungukana kila siku 12.

Darasa likishamaliza Mshtarii, nalipatia Zohali. Inahitaji darubini ya miguu mitatu, na mwezi wa kufuatilia ni Titan: siku 15.95, kilomita milioni 1.222. Hesabu ni ileile, na jibu litoke karibu na moja ya 3,500.