Namna ya kuipima meli ya kitalii iliyokula chumvi kabla hujapanda

Meli ya kitalii ikitoka chelezoni, yaani mahali pakavu inapotengenezewa, hupigwa picha. Utaonyeshwa zulia jipya, baa yenye taa mpya, bwawa lenye mtelezo wa rangi tatu, na tangazo kwamba meli sasa ni mpya kabisa. Mimi ni fundi bomba. Kazi nilijifunzia Mbaraki, Mombasa, kisha nikaifuata baharini, na miaka mingi nimekaa upande wa pili wa kuta hizo zinazopambwa. Huko nyuma meli ina sura nyingine, na ndiyo sura ninayotaka uijue wewe unayeweka akiba umpeleke mama kutembea, au wewe kijana uliyeshikishwa mkataba wa kazi kwenye meli usiyoijua. Meli kuwa na umri si kasoro. Kasoro ni pesa ya matengenezo kuishia pale macho ya abiria yanapoishia.

Tafuta namba, jina halitoshi

Meli hubadilishwa jina inapouzwa, na wakati mwingine hata bila kuuzwa. Carnival Triumph iliungua chumba cha injini Februari 2013 katika Ghuba ya Meksiko, ikaelea na watu zaidi ya 4,000 siku kadhaa bila umeme wa kutosha wala vyoo vya kutegemewa. Mafuta yalikuwa yamevuja kwenye bomba laini la mpira, yakagusa pa moto. Mwaka 2019 meli hiyo iliingia Cádiz, Hispania, kwa ukarabati wa dola milioni 200, ikatoka ikiitwa Carnival Sunrise. Hakuna siri wala ubaya hapo, lakini anayetafuta habari zake kwa jina jipya tu atapata nusu ya maisha yake.

Kwa hiyo tafuta namba ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini. Ni tarakimu 7, meli hupewa inapojengwa na hubaki nayo mpaka siku ya kukatwa vyuma chakavu. Huchorwa kwenye mwili wa meli, na kwa meli za abiria huandikwa pia mahali panapoonekana kutoka angani. Chukua namba hiyo uiingize kwenye Equasis, hifadhi ya taarifa za meli mtandaoni. Haitozi chochote, unajisajili tu. Utaona mwaka wa kujengwa, mmiliki, shirika linaloikagua na kuipa daraja, kama vile Lloyd's Register, DNV, RINA au Bureau Veritas, na ukaguzi uliofanywa na mamlaka za bandari mbalimbali.

Usitishwe na kasoro mbili tatu. Hakuna meli inayokaguliwa kwa dhati ikakosa dosari. Tazama kinachojirudia: milango ya moto mwaka huu, milango ya moto mwaka uliopita, milango ya moto tena bandari nyingine. Hapo ujue si bahati mbaya, ni tabia. Na ukiona meli iliwahi kuzuiliwa bandarini isiondoke, soma sababu yake mpaka mwisho.

Umri wenyewe usikuhukumie. Meli iitwayo Stockholm ilianza kazi mwaka 1948, ndiyo iliyogongana na meli ya Andrea Doria usiku wa Julai 1956. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Genoa, ilivuliwa karibu kila kitu, ikabaki mwili wa chuma, ikajengwa upya ndani yake. Ilibeba watalii kwa majina mengi, la mwisho Astoria, hadi mwaka 2020. Carnival Fantasy, ya mwaka 1990, ilikwenda kukatwa Aliağa, Uturuki, mwaka huohuo wa 2020, baada ya korona kusimamisha safari. Chuma kinachotunzwa hudumu. Kinachoamua ni nani analipia utunzaji na mpaka lini.

Uliza pesa imeingia wapi

Sheria za kimataifa zinataka sehemu ya chini ya meli ya abiria ikaguliwe pakavu mara 2 katika kila miaka 5, na meli nyingine huruhusiwa ukaguzi mmoja kati ya hizo ufanywe na wapiga mbizi. Maana yake nafasi ya meli kukaa pakavu ni adimu. Ikishaingia chelezoni, mara nyingi hupewa wiki mbili au tatu tu, kwa sababu kila siku ya kulala pale ni siku isiyo na nauli. Ndani ya siku hizo mafundi wa mazulia, wa umeme, wa rangi, wa jikoni na sisi wa mabomba tunagombea ngazi zilezile na winchi zilezile.

Kuna kazi ambazo haziwezekani meli ikiwa majini. Vali zinazoingiza maji ya bahari kupoza injini ziko chini ya mstari wa maji. Ukizifungua meli ikielea, umeizamisha. Lazima zifunguliwe pakavu, zisafishwe, vikalio vyake, yaani pale zinapokaa zikifungwa, visagwe, zirudishwe. Mihuri ya shafti ya propela, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji, vivyo hivyo. Mnyororo wa nanga hushushwa wote chini ya chelezo, ukatandazwa, pete zikapimwa: pete iliyolika zaidi ya asilimia 12 ya unene wake wa awali hubadilishwa. Mabamba ya mwili hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti, doa kwa doa. Na pale meli ilipokalia magogo ya kuishikilia chelezoni hapapakwi rangi, kwa hiyo safari inayofuata magogo yanatakiwa kupangwa sehemu nyingine, vinginevyo kuna vipande vya chuma vitakaa miaka na miaka bila ulinzi.

Basi soma tangazo la ukarabati kwa jicho hilo. Likitaja jenereta, viyoyozi, mashua za kuokolea, mabomba, mitambo ya kutibu maji taka, ni dalili njema. Likitaja migahawa 9 na ukumbi wa kucheza kamari peke yake, uliza. Andikia kampuni au wakala wako swali moja la wazi: katika ukarabati huu, mfumo wa maji na wa umeme umefanyiwa nini? Wakala mwenye adabu ya kazi atatafuta jibu. Anayekurudishia picha za bwawa amekujibu pia.

Meli nyingine hukatwa katikati kabisa ikachomekwa kipande kipya. Enchantment of the Seas iliongezwa mita 22 huko Rotterdam mwaka 2005. Ni kazi ya ajabu kuiangalia, nami naiheshimu. Ila ukipata kabini kwenye meli ya namna hiyo, kumbuka kwamba bomba la mwaka huu limeungwa na bomba la miaka mingi nyuma. Msukumo wa maji ukipandishwa kukidhi kabini mpya, palipochoka ndipo patakapopasuka.

Mabomba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani bomba likiharibika hasara ni zulia kulowa.

Meli ya Oceanos ilijengwa Ufaransa, ikazinduliwa kama Jean Laborde, na kuanzia miaka ya 1950 ilikuwa ikitoka Marseille kuja upande wetu huu wa Bahari ya Hindi hadi Madagaska na Morisi. Baadaye Wagiriki waliinunua na kuifanya ya kitalii. Tarehe 3 Agosti 1991 iliondoka East London, Afrika Kusini, kwenda Durban katika dhoruba. Maji yakaingia chumba cha jenereta, umeme ukazimika. Hilo peke yake lisingeizamisha, kwani meli imegawanywa kwa kuta za kuzuia maji. Lakini ukuta mmojawapo, uliotenganisha chumba hicho na tanki la maji machafu, ulikuwa na tundu lililoachwa wazi baada ya kazi ya matengenezo. Maji yakapita humo yakajaza tanki. Na kwenye mabomba ya maji machafu hapakuwa na vali za kuzuia yasirudi nyuma. Yakapanda yakatokea vyooni, kwenye sinki, kwenye bafu, sitaha baada ya sitaha. Kesho yake meli ilizama. Watu wote 571 waliokolewa, zaidi ya 200 kati yao kwa helikopta za Afrika Kusini, na ninamshukuru Mungu kila nikilitaja.

Tundu moja na vali ambazo hazikuwekwa. Wala si vitu vya gharama. Ndiyo maana nasisitiza: meli iliyotengenezwa mara nyingi ina hatari yake, kwa kuwa kila anayetoboa ukuta kupitisha waya au bomba anatakiwa kuuziba kwa kiwango kilekile cha kuzuia maji na moto, na aliyechoka saa nane za usiku, chelezo likikaribia kujazwa maji, anaweza kuacha.

Ukishapanda

Ingia kabini, weka mzigo, anza na bafu. Fungua bomba la baridi kabla hujalitumia kwa lolote. Maji ya kahawia kwa sekunde chache kisha yakatakata, ni mashapo yaliyotuama. Yakiendelea kuwa na rangi, chuma kinalika ndani, ripoti. Fungua la moto. Baada ya dakika mbili likiwa bado vuguvugu, mzunguko haufiki kwako, na bakteria wa legionela, wanaoleta homa ya mapafu, hupenda hasa maji vuguvugu yasiyotembea. Usikubali kuambiwa ndivyo meli zilivyo. Omba fundi aje, au uhamishwe.

Kukiwa na harufu mbaya, mwaga glasi ya maji kwenye tundu la sakafuni. Ikikata, mtego wa maji, yaani kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu, ulikuwa umekauka tu, hakuna kilichovunjika. Isipokata ndani ya saa moja, kuna uvujaji wa hewa chafu mahali. Choo cha kuvuta kwa hewa kikilia mfululizo bila kubonyezwa, kuna muhuri uliochoka mahali kwenye njia hiyo, na siku moja vyoo vya korido nzima vitakataa pamoja.

Inua macho. Doa la manjano kwenye dari, vibao vya dari visivyolingana rangi, alama za bisibisi kwenye kingo zake: hapo watu wamepanda na kushuka mara nyingi. Muulize kwa heshima mhudumu wa kabini ni kabini zipi watu huhamishwa. Yeye ndiye anayebeba taulo za kukausha, anajua kuliko afisa yeyote. Na usimtaje jina unapolalamika.

Nje, usihangaike na michirizi ya kutu ubavuni. Chuma na chumvi havipatani, meli yoyote inayofanya kazi huwa nayo. Tazama rangi iliyovimba kwenye miguu ya vyuma vya kushikilia, kwenye fremu za madirisha, na zaidi ya yote kwenye mikono inayoshusha mashua za kuokolea. Kamba zake za waya ziwe na grisi safi, si mkate mkavu wa grisi ya zamani uliochanganyika na rangi. Milango ya moto kwenye korido lazima ijifunge yenyewe na ishike. Ukiuona umewekewa kabari, iondoe au umwite mtu.

Mazoezi ya dharura yanatakiwa yafanyike kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Hiyo ilikazwa baada ya msiba wa meli ya Costa Concordia wa 2012. Nenda. Tembea kwa miguu kutoka kabini kwako mpaka kituo chako, na kisha kwa njia ya pili.

Kwa meli zinazofika bandari za Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, hufanya ukaguzi wa usafi wa kushtukiza na kuchapisha alama kati ya 100. Kuanzia 85 kushuka ni kufeli. Soma maelezo chini ya alama: meli yenye 94 ambayo jiko lake lina sakafu zilizopasuka na mabomba yanayodondoka juu ya vyakula inakueleza hali yake waziwazi.

Na kama una hiari, usipande safari ya kwanza baada ya ukarabati mkubwa. Desemba 1994 Queen Elizabeth 2 iliondoka na abiria ilhali kazi ya Hamburg haijakamilika, mafundi bado wamo ndani na bafu nyingine hazijaisha. Kampuni ililazimika kulipa fidia. Ilikuwa meli bora. Mwaka 1987 ilikuwa imemaliza kutolewa mitambo ya mvuke na kuwekewa injini 9 za dizeli huko Bremerhaven, ikaendelea kusafiri hadi 2008. Sasa ni hoteli Dubai. Ndugu zetu walioko huko wanaweza kwenda kuitembelea. Subiri safari ya tatu au ya nne, hata nauli yake ikiwa juu kidogo.

Kwa vijana mnaokwenda kazini

Wakala asikutoze ada ya kukupatia kazi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakuachia ulipie cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Viza ni ya mwenye meli.

Ukipangiwa meli ya zamani, muulize bosi wako siku ya kwanza orodha ya mahali penye asbesto, nyuzi za kuzuia moto ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Kuiweka mpya melini kulipigwa marufuku kwa sehemu kubwa kuanzia Julai 2002, lakini iliyowekwa kabla ya hapo imebaki ndani ya meli nyingi, imezungushwa kwenye mabomba ya moto na nyuma ya vibao. Usikate, usisugue, usifagie vumbi lake. Waite wenye vifaa, hata ukiambiwa unachelewesha kazi.

Tanki lolote, liwe la maji safi, usiingize kichwa kabla halijapimwa hewa na kibali hakijaandikwa, na mtu awe amesimama mlangoni muda wote. Ukimwona mwenzako ameanguka ndani, usimfuate. Piga kengele, usubiri wenye mitungi ya hewa.